Sakafu za Kizibo

Kaka yangu alikuwa na tabia moja iliyonikera tangu ujana wake mpaka anaingia kaburini. Akiingia nyumba ya mtu, hatazami mtu, anatazama chini. Umemwandalia kiti, chai iko tayari, yeye anainama kwanza, anapitisha kiganja sakafuni, anaguna. "Nani huyu aliyekusakafia? Kakuibia." Hata msibani hakuacha. Siku tuliyomzika mume wangu, nilimkuta ukweni kwangu, katikati ya watu wanaolia, anagonga kona ya chumba kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Nikamvuta nje. "Kaka, una kichaa?" Akasema, "Kona ile ina hewa, mdogo wangu. Itapasuka." Na kweli ilipasuka, lakini nani alikuwa na haja ya kujua siku ile?

Mtaani walimwita Kizibo. Akimaliza sakafu, kabla haijakauka, alichukua kizibo cha soda akakikandamiza mlangoni, upande wa kulia unapoingia, mpaka kikalingana na sakafu yenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa sahihi yake, maana yeye na kalamu hawakuwahi kupatana. Ukimuuliza anakujibu, "Mwalimu anaweka vema, mimi naweka kizibo." Watoto wa mtaani wakiingia nyumba ya mtu walitafuta kizibo kwanza, wanakikanyaga kwa kisigino ndipo waamkie.

Ili umjue mtu huyu lazima nikueleze habari za funza. Tulizaliwa kwenye nyumba ya udongo mtupu, vumbi kiangazi, tope masika. Funza walinila mimi kuliko wote. Nilipokuwa na miaka saba sikuweza kuvaa kiatu, vidole vilikuwa vimevimba, natembea kwa visigino kama bata. Kaka, ambaye alikuwa na miaka kumi na miwili, alinibeba mgongoni kwenda shule miaka miwili mizima, na watoto wenzetu wakatuita Gunia na Mchukuzi. Jioni alinikalisha kizingitini, akanitoa funza kwa pini, mmoja mmoja, na kila akichokonoa aliuliza, "Inauma?" Nikilia anapuliza. Jioni moja akaniapia. "Ukikua, ukipata nyumba yako, nitakuwekea sakafu ambayo mdudu akiiona anageuza njia."

Kiapo hicho alikitimiza. Alikitimiza vizuri mno.

Nyuma ya mtaa wetu kulikuwa na jaa. Siyo jaa la maganda ya ndizi na chupa, la hasha. Hili lilikuwa la kiwanda. Magari makubwa yalikuja mara tatu kwa wiki kumwaga tope la kijivu, na wakati ule hapakuwa na ua wala kibao. Mlinzi alikuwapo mmoja, kazi yake kulala. Kaka yangu, ambaye macho yake yalikuwa chini siku zote, aliona kitu ambacho sisi hatukukiona: tope lile likipigwa na jua siku tatu linakuwa jiwe. Akachukua donge nyumbani, akalitwanga, akalilowesha, akachanganya na chokaa kidogo, akalishindilia kwenye kipande cha uwanja wake. Likashika. Akalipiga nyundo, nyundo ikaruka. Saruji ilikuwa ya wenye nazo, na hili lilikuwa la bure, kazi yako ni toroli tu.

Sakafu ya kwanza ilikuwa yangu. Mume wangu alikuwa ndiyo kwanza amesimamisha kuta, vyumba viwili na sebule, kuta za udongo zilizopigwa lipu, hazina msingi wa maana. Kaka alishindilia siku nne. Alipima kwa pima maji yake mara kumi, anaweka, anatazama lile tone la hewa likituama katikati, haridhiki, anapima tena. Aliponiruhusu kuingia nilivua viatu nikatembea pekupeku nikicheka peke yangu. Ilikuwa baridi na laini, na ukimwaga maji yanaenda yote mlangoni yenyewe bila kusukumwa.

Na wadudu? Thubutu! Hakuna funza, hakuna siafu, hakuna mchwa, hata sisimizi. Sukari ukiimwaga leo, wiki ijayo unaikuta palepale. Niliringa, jamani. Mdomo wangu huu ndio ulikuwa redio ya kaka yangu. Mteja akija kupima gauni, maana mimi ni fundi cherehani na sebule ndiyo karakana yangu, namwambia, "Tazama chini kwanza, ndugu yangu. Unaona mdudu?" Wakatoka kwangu kwenda kumtafuta yeye. Miaka kumi na tisa, nyumba sitini na tatu, na darasa la chekechea juu. Katika watu wote hao hakuna aliyejiuliza mdudu anajua nini tusichokijua sisi.

Dalili zilikuja polepole. Mvua za kwanza tu, chini ya kuta zikatoka rangi ya manjano, ungedhani mtu amemwaga bizari. Tukafuta kwa tambara, zikarudi. Nikamtania, "Kaka, nyumba yako inajipika yenyewe." Akacheka, akaifuta kwa mkono mtupu. Baadaye mikono yake ikatoboka vidonda vidogo vya duara, haviumi sana lakini haviponi ng'o. Shati nililomshonea likirudi kwangu kutiwa kiraka, mkono una damu ya pua. Kisha ukaja mchezo wa njiti. Ukuta wa katikati ya pua yake ulikuwa umetoboka, na yeye badala ya kwenda hospitali akaufanya kichekesho: anaingiza njiti ya kiberiti tundu la kushoto, inatokea la kulia, watoto wanapiga mayowe. Nami nilicheka. Kwa nini nifiche? Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Mke wake alimfia mapema na mtoto hakujaliwa. Ndugu zake wote duniani walikuwa mimi na binti yangu mmoja, na baadaye mtoto wa binti yangu. Mjukuu huyu alizaliwa kwangu, baba yake akiwa kazini mbali. Alipoanza kutambaa, kaka yangu alirudiwa na ujana. Mtoto anatambaa sebule nzima, viganja chini, pua chini, akikuta uzi anautia mdomoni, na babu yake anamfuata nyuma kwa magoti. "Mkaguzi wangu huyo! Anakagua kazi! Mkaguzi, kuna kona yenye hewa?" Jina likamganda. Sote tukamwita Mkaguzi.

Mwaka huohuo wakaja wenye nguo nyeupe. Kiwanda kilikuwa kimeshafungwa na wenyewe wameshapotea, sasa serikali imeleta watu wa kusafisha. Wakazungushia jaa ua wa mabati, wakatundika vibao vyenye fuvu. Kiongozi wao alikuwa injinia, mwanamke wa umri wa binti yangu, viatu vimejaa tope, sauti haina majivuno. Nilitaka kumchukia nikashindwa.

Akatuita mkutanoni, uwanja wa shule. Akasema tope lile lina sumu, linaingia kwa vumbi, kwa pumzi, na kwa mikono ya mtoto anayetia vidole mdomoni. Watachukua la juu walipeleke shimo maalumu mbali na watu, na la chini watalifunika kwa plastiki nene na udongo wa mfinyanzi lisipitishe maji. "Msiwe na hofu," akasema. "Sumu yote iko ndani ya ua. Nyumba zenu ziko salama."

Watu wakapiga makofi. Mimi nikageuza shingo nikamtazama kaka. Alikuwa anatazama chini kama kawaida yake, ila pale chini palikuwa na majani matupu.

Kesho yake alikuja kwangu, akakaa kwenye kigoda karibu na cherehani. Mkaguzi akamjia, akamshika suruali.

"Umesikia, mdogo wangu?"

"Nimesikia."

"Wanasafisha jaa. Jaa lenyewe nimeshalihamisha, kwa toroli, miaka kumi na tisa."

"Nyamaza," nikamwambia. Niliacha kushona. "Kaka, nakuomba kwa jina la mama, nyamaza. Ukisema, watu hawa watakula nyama yako. Nani atakuuliza? Tope likishakauka halina jina."

"Lina jina," akasema. "Nimeligongea kizibo."

Nikamfokea, nikamwita mpumbavu, nikamwambia mchimba kisima huingia mwenyewe. Alikuwa ameshika mkono wa Mkaguzi anakitazama kiganja.

Mkutano wa pili akasimama, akavua kofia. Ninamwona mpaka leo. "Nyumba yenye kizibo mlangoni, mkono wa kulia," akasema, "sakafu yake ni tope la jaa. Ziko sitini na tatu. Na chekechea. Nilifanya mimi kwa mikono hii. Sikujua, lakini nilifanya mimi."

Injinia aliacha kuandika. Mwenye duka, ambaye kwake vizibo vile vyote vilitoka, akaruka juu. "Mwulizeni kahongwa nini huyu atuvunjie nyumba!" Basi hapo ikawa kelele, mtu akamrushia donge la udongo likampata begani. Tangu siku ile watu walianza kuvuka barabara wakimwona. Mtu ambaye alikuwa hawezi kufika dukani bila kuitwa chai mara tatu, akawa anapita mtaa mzima hakuna hata wa kumwambia habari za asubuhi.

Walianza na chekechea. Kisha nyumba ya muuza mkaa. Wakaihamishia familia kwenye mahema ya shuleni, wakavunja sakafu, wakachimba mpaka kiunoni. Ukuta wa nyuma, hauna msingi, ukapasuka toka juu hadi chini na paa likakaa upande. Injinia aliahidi itajengwa upya, na kweli ilijengwa, lakini ilichukua miezi saba, na muuza mkaa miezi hiyo yote alilala hemani na mama yake mgonjwa. Watu wakaona, wakajua yanayowangoja.

Vizibo vikaanza kutoweka. Unapita asubuhi unasikia ko-ko-ko mlangoni kwa mtu, ukichungulia anajitia kufagia. Walivitoa kwa visu, kwa vijiko, kwa misumari. Na wale wenye nguo nyeupe walikuwa na sheria yao: kimashine cha kupimia ni kimoja, hakiingii nyumba ya mtu mpaka kizibo kionekane au fundi mwenyewe athibitishe kwamba ile ni kazi yake. Kwa hiyo kaka yangu akawa anatembea nao nyumba hadi nyumba. Mtu anaapa, "Huyu mzee hajawahi kutia mguu hapa!" Yeye anainama, anapitisha kiganja. "Ni yangu," anasema. "Nisamehe, ndugu yangu." Walimtukana matusi ambayo siwezi kuyarudia mbele za watu.

Na mimi? Mimi ndiye niliyesimama barabarani kuwasema. "Wanafiki nyie! Mnaficha maradhi, kifo kitawaumbua!" Nilisema hivyo kwa sauti, mikono kiunoni. Kisha nikarudi ndani, nikafunga mlango, nikachukua bisibisi ya cherehani na kukichokonoa kizibo cha kwangu.

Kilikuwa kigumu kutoka. Nilipata kovu kidoleni. Pale kilipokuwa nikajaza saruji, nikaipaka majivu ifanane. Kizibo nikakitia kwenye kopo la vifungo.

Nitajitetea vipi? Nyumba ile ndiyo kitu pekee alichoniachia mume wangu. Kuta hazina msingi. Sare za shule nilizopewa kushona zilikuwa zimejaa sebule nzima, na wateja hawamfuati fundi hemani. Nilijiambia Mkaguzi ananyonya, anacheka, ananenepa. Vile vidonda viwili vya magotini, vya duara, nilijiambia ni vya kutambaa tu. Mtoto gani asiyechubuka? Lakini macho ninayo, na mikono ya kaka yangu niliiona miaka yote.

Walifika kwangu Alhamisi, saa nne asubuhi. Injinia, mpimaji mmoja na kimashine chake, na kaka yangu na pima maji kwapani, ingawa hakuna aliyemwagiza kuja nayo. Alikuwa amekonda, shati nililomshonea limekuwa kanzu. Kukohoa alikohoa tangu barabarani.

Injinia akatazama mlangoni mkono wa kulia. "Mama, hapa sioni kizibo."

"Hakuna, mwanangu," nikasema. "Hii alisakafia fundi mwingine, ndugu wa marehemu mume wangu." Ulimi haukuteleza hata kidogo.

Kaka akapiga magoti. Akaweka kidole gumba juu ya kiraka changu, akakisugua, na majivu yakamganda kidoleni. Akainua uso akanitazama. Nilingoja hasira, hasira ningeiweza. Alinitazama vile alivyokuwa akinitazama kizingitini, pini mkononi, akiuliza inauma.

Binti yangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba. Yeye hakujua lolote. Nilikuwa nimemdanganya kwamba sakafu ya mjomba wake ilibomolewa zamani, yeye akiwa mdogo, na kwamba kizibo kilichotoka kilikuwa cha mchezo tu, mjomba alikigonga kwa kumfurahisha.

Kaka akaweka pima maji sakafuni. Nililiona tone la hewa likituama katikati, sawasawa, halitikisiki, baada ya miaka yote ile. Akaiondoa haraka kabla injinia hajainama kuona.

"Siyo yangu," akasema.

"Mzee, una hakika?"

"Tazama ilivyopinda. Hii kazi mbaya, binti. Mimi siwezi kufanya kazi mbaya namna hii."

Injinia akaandika. Mkaguzi alikuwa ameshafika miguuni kwa babu yake. Akamnyanyua, akamfuta viganja kwa shati lake, kimoja, kisha cha pili, akaenda kumkabidhi mama yake. "Mbebe," akamwambia. "Usimshushe, mwanangu." Binti yangu akadhani ni utani wa mzee. Wakatoka.

Toka mlangoni kwangu mpaka kona ya barabara ni hatua mia na kitu. Niliwatazama wakizitembea zote. Mdomo ninao, mtaa mzima unaujua, na siku ile ulifungwa na mimi mwenyewe. Kaka yangu alikuwa amepoteza jina lake, rafiki zake na usingizi wake kwa ajili ya kusema kweli, na uongo mmoja aliousema aliusema kwa ajili yangu.

Nyumba zilizosafishwa zilifika arobaini na moja. Za mwisho hakuweza kutembea, walimbeba kwenye gari lao, anashushwa, anagusa sakafu, anapandishwa. Kisha akaanguka nyumbani kwake. Hospitali wakasema mapafu, wakasema amechelewa sana. Nilikuwa namwogesha mimi. Mgongo wake, ule nilioujua kwa tumbo langu nikiwa mtoto, ulikuwa mifupa mitupu.

Siku moja binti yangu alikuja na uji. Kaka akafumbua macho. "Mwanangu, mtoto bado unambeba?"

"Abebeke wapi, mjomba! Anataka kusimama sasa. Kutwa yuko chini."

Akafumba macho, na machozi yakampita pembeni mpaka masikioni. "Sakafu ya mama yako ndiyo ya kwanza," akasema taratibu, anavuta pumzi kila neno. "Ndiyo bora kuliko zote nilizofanya. Nilimwambia injinia imepinda."

Binti yangu aliweka bakuli chini. Akanigeukia. "Mama?"

Nilishika bakuli la uji nikaanza kulikoroga.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana, au angenipiga hata. Alienda nyumbani akakusanya vinguo vya mtoto, jioni hiyohiyo akasafiri kwa wakwe zake. Hospitali ya huko wakampima Mkaguzi wakakuta sumu mwilini. Daktari akasema dawa ya kwanza ni kumtenga na kinachomdhuru, kisha wangoje waone. Bado wanangoja.

Kaka alifariki siku ya tisa. Kaburini walikuja wale waliovunjiwa nyumba, muuza mkaa ndiye aliyeshika koleo la kwanza. Sisi tulioficha hatukuonekana, isipokuwa mimi, maana dada wa marehemu hawezi kukosa. Walinipa pole kwa mikono miwili. Nikaipokea.

Baada ya arobaini nilifungua kopo la vifungo, nikakitoa kizibo, nikakifumbata na kwenda jaani kumtafuta injinia. Nikakuta kilima cha majani ya kijani, kimenyooka, kizuri kutazama. Geti limefungwa kwa mnyororo. Mlinzi, na huyu hakuwa amelala, akaniambia, "Mama, wameshamaliza, wameondoka mwezi uliopita. Orodha imefungwa."

Nikamwonyesha kizibo. "Ninayo nyumba ambayo haikuandikwa."

Akakitazama kiganjani mwangu, akanitazama mimi. Nafikiri alidhani msiba umenipanda kichwani. "Andika barua, mama," akasema kwa upole.

Niliandika. Niliandika tatu. Sijajibiwa hata moja.

Basi nikachukua nyundo ya kaka na sururu yake. Nikajifunga kitambaa puani, nikawa namwagia maji kwanza ili vumbi lisiruke, kama nilivyowaona wenye nguo nyeupe wakifanya. Siku kumi na moja. Nyundo ilikuwa ikiruka kama siku ile ya kwanza uwanjani kwake. Nilimlaani, "Kaka, ungeweza japo kufanya vibaya kidogo!" Kisha nikakaa kwenye vifusi nikalia mpaka jirani akagonga ukuta. Yeye naye alitoa kizibo chake. Aliponiuliza nafanya nini nilimweleza yote, na nikamwambia akimaliza kuogopa aje aazime sururu. Mpaka leo hajaja.

Ukuta mmoja ulipasuka ila umesimama. Sare za watu nilizirudisha, cherehani iko chumbani juu ya kitanda. Chini nilimwaga udongo mwekundu wa kununua mbali, nikaushindilia kwa miguu yangu. Umepanda na kushuka, maji yakimwagika yanatuama. Kaka angeuona angeguna mpaka nje.

Vifusi vilijaa magunia tisini na manne. Nikamwita mwenye gari. Akayatazama, akanusa, akarudi kwenye usukani bila kuzima injini. "Mama, nikamwage wapi?" akaniuliza. "Jaa limefungwa. Nikamwage kwa nani?" Akaondoka na gari tupu. Nimeyafunika kwa turubai na mawe juu, na kila mvua ikinyesha natoka kulikagua turubai kwa tochi na mwavuli.

Wiki iliyopita niliinuka kuchemsha chai nikaona mstari mweusi chini. Ulitoka ufa wa ukuta, ukakata sebule, ukapanda mguu wa meza mpaka kwenye kopo la sukari. Sisimizi. Miaka ishirini sijawaona ndani mwangu. Nilikaa chini kwenye udongo nikawatazama wakibeba, sikuwafukuza, na sukari ile niliwaachia yote.

Nikampigia binti yangu. Alipokea, jambo ambalo halifanyi kila siku.

"Nimemaliza, mwanangu. Chini ni udongo mtupu. Sisimizi wamerudi, wako mpaka kwenye sukari!"

Akacheka kidogo. Nyuma yake nilisikia miguu midogo inakimbia, puta puta puta, na sauti inayoita mama. Alikuwa ameshajua kutembea, tena kukimbia, na mimi sikuona.

"Basi mlete," nikasema. "Siku moja tu. Akae hata saa moja."

Akamwambia mtoto apunguze mbio. Kisha akauliza, "Na yale magunia uliyoniambia, mama?"

"Yapo."

"Yapo wapi?"

Nikatazama nje. Yamepangwa pale pale penye nafasi, mkono wa kulia unapoingia.

"Mlangoni," nikasema.

"Basi bado, mama."